Jua la Bagamoyo Halizami Baharini

Hotuba hii ilitolewa mjini Bagamoyo mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa masomo ya sanaa, pamoja na walimu na wazazi wao. Msemaji, ambaye ni mwalimu mstaafu wa Historia na Kiswahili, ameiandika upya kwa ajili ya wasomaji.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, wanafunzi wapendwa, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu mlioketi mstari wa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya thamani ya masomo ya insia, yaani historia, lugha, fasihi, falsafa, dini na sanaa, katika zama ambazo mashine inaweza kuandika insha nzima ya historia kabla mwanafunzi hajamaliza kuchonga penseli. Walionialika walitaraji, nadhani, kwamba nitasimama hapa kama wakili wa mshitakiwa. Kabla sijafika kwenye utetezi huo, kama nitafika, naomba niwasimulie habari za insha mbili.

Mwaka jana, nikiwa bado nashika kipindi kimoja kimoja ingawa nimestaafu, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tano kazi ya likizo. Kila mmoja alitakiwa amwendee mzee mmoja wa mtaa wake, uwe Dunda, Magomeni, Nianjema, Kaole au kokote anakotoka, amwulize juu ya kazi aliyoifanya ujanani, kisha aandike kurasa mbili. Insha ya kwanza niliyoifungua ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, aya zilifuatana kwa utulivu, hapakuwa na kosa hata moja la tahajia, na babu aliyesimuliwa humo alikuwa mvuvi mwenye busara ambaye kila jioni alirejea pwani na jahazi lake huku jua likizama baharini. Nilisoma hadi hapo nikaweka kalamu chini. Ninyi mnaoishi hapa mnajua kwa nini. Bahari yetu iko mashariki. Jua la Bagamoyo huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, upande wa njia ya Msata, na mvuvi wa hapa anayeapa kuwa aliliona likizama majini, basi siku hiyo alikuwa amelala Unguja mjini. Isitoshe, mvuvi hana jahazi. Ana ngalawa, ana dau, akijaliwa ana mashua. Jahazi ni chombo cha mizigo cha tajiri.

Insha ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wa kuparamia, herufi h zimeachwa pale zinapotakiwa na kuwekwa pale zisipotakiwa. Mwandishi wake, binti mmoja mpole anayekaa viti vya nyuma, alikuwa amemwuliza bibi yake juu ya kusuka ukili na kushona mikeka. Aliandika kuhusu kuchambua miyaa, kuianika, kuitia rangi, na bei ya mkeka siku zile. Kisha akaandika hivi: bibi alipofika kwenye habari za mwaka ule walipohamishwa, alinyamaza, akaniambia nikamtekee maji, na niliporudi alianza kunieleza habari nyingine. Hapo ndipo insha ilipokatika. Sisi wenye umri mkubwa tunajua ukimya ule unatoka wapi. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi nchini walihamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, na wapo waliohama kwa ridhaa, na wapo ambao hadi leo wakifika hapo huomba maji. Niliipa insha ya pili alama nyingi kuliko ya kwanza, na mwenye insha ya kwanza akaja ofisini kulalamika kwamba yake haikuwa na kosa.

Alisema kweli, na malalamiko yake yamenikaa moyoni kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia juu ya teknolojia.

Tuitazame kwanza mashine yenyewe iliyomwandikia insha ile. Programu kama ChatGPT, ambayo ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, imelishwa maandishi mengi kuliko ambayo mwanadamu yeyote angeweza kuyasoma akiishi mara elfu. Kutokana na maandishi hayo imejifunza, kwa hesabu, kipande gani cha neno huelekea kufuata vipande vilivyotangulia. Ukiiomba hadithi ya mvuvi mzee na jioni, itakuletea jua linalozama majini, kwa sababu katika hadithi nyingi za dunia ndipo jua la wavuvi wazee linapozama. Siwezi kusema imedanganya. Mwenye kudanganya anaujua ukweli akauficha, nayo haina pwani ya kusimama ikatazama. Anayestahili kuulizwa ni kijana aliyekuwa na pwani umbali wa robo saa kwa miguu na hakuinua macho.

Naomba radhi nitoke njiani kidogo kuhusu jina. Wapo wanaoiita akili bandia, wapo wa akili mnemba, na wapo wa akili unde. Mimi natumia hili la mwisho. Neno bandia linatuingiza kwenye noti bandia na dawa bandia, kana kwamba ipo mahali nakala halisi iliyoigizwa kwa hila. Unde linasema tu kwamba kitu hiki kimeundwa, kama teule ni kilichoteuliwa. Na kitu kilichoundwa kina waundaji, kina karakana na kina gharama iliyolipwa na mtu. Wapo wanaowacheka watu wa lugha kwa kubishania jina moja miaka yote hii. Mimi siwacheki, kwa kuwa ukishalikubali jina, mengi ya yatakayofuata umeyakubali bila kuulizwa.

Sasa niseme jambo ambalo walimu wenzangu hawatalipenda. Kama masomo ya insia ni yale niliyoyafundisha mimi kwa sehemu kubwa ya miaka yangu 31 darasani, basi mashine imekwisha kuyashinda, na ilistahili kushinda. Nilikuwa nikiingia na daftari langu la notisi lenye jalada lililochakaa, naandika ubaoni sababu sita za kuitishwa kwa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, kisha athari zake sita, wanafunzi wananakili, wanakariri, na siku ya mtihani wananirudishia sita zangu zikiwa sita. Aliyeniletea ya saba, aliyoisikia kwa babu yake, nilimkata alama kwa kuwa haikuwamo katika mwongozo wa kusahihishia. Insha zetu zilianza kwa maana ya istilahi na kumalizika kwa maneno yale yale ya kuhitimisha, kila mwaka, kila shule, kutoka Tanga mpaka Mtwara. Tuliwafundisha watoto kuandika kama mashine miaka mingi kabla mashine haijajifunza kuandika kama watoto wetu. Kwa hiyo yule kijana wa insha ya kwanza nimemsamehe zamani. Alinipa kile ambacho shule ilikuwa ikimwomba tangu darasa la tano: maandishi yasiyo na kosa na yasiyo na mtu ndani yake.

Watetezi wengine wa masomo yetu hujificha nyuma ya makosa ya mashine, wakishangilia kila inapoteleza. Nawasihi msiwafuate. Kosa la jua litasahihishwa. Kesho au keshokutwa mashine itajua kwamba pwani yetu inatazama mashariki, na pengine itajua tofauti ya jahazi na ngalawa kuliko watoto wa Dar es Salaam. Thamani ya insia ikitegemea kosa la mwenzake, itakwisha siku kosa litakapokwisha. Ninachokitafuta ni kile kitakachobaki siku ambayo insha ya mashine haina kosa lolote, hata la jua.

Kukitafuta, twendeni kwa mtu wa hapa hapa. Pwani yetu hii ya Bagamoyo ilimtoa Mtoro bin Mwinyi Bakari, na nikiuliza ni wangapi kati yenu mmewahi kulisikia jina hilo, naona mikono michache sana. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, ambako Wajerumani waliwaandaa maofisa wao kabla hawajaja kututawala. Mwaka 1903 kilichapwa Göttingen kitabu kikubwa cha desturi za Waswahili, chenye habari za uzazi na malezi, jando na unyago, ndoa, ngoma, pepo, madeni, na mamlaka ya majumbe, yaani wakuu wa miji ya pwani. Sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni yake Mtoro. Jina lililotangulia lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyeyakusanya na kuyahariri. Mtoro akaoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni waliwazuia, wakarejea Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Jina lake lilikuja kuwekwa kwenye kichwa cha kitabu mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, miaka 78 baada ya chapa ya kwanza.

Fikirini sasa kitabu kama hicho kinapomiminwa ndani ya mashine pamoja na mabilioni ya kurasa nyingine. Mwanafunzi wa Arusha au wa Osaka akiuliza desturi za harusi za Waswahili, atajibiwa kwa sentensi safi inayosema kwamba Waswahili hufanya hivi na vile. Nani alisema? Lini? Mashine imeyeyusha. Mwanafunzi wa historia aliyefundishwa sawasawa, akikishika kitabu kile, atasimama kwenye mambo ambayo sentensi ile safi imeyafuta. Atajua kwamba msimulizi alikuwa ugenini, akiajiriwa na dola ambayo miaka michache tu kabla, Desemba 1889, ilikuwa imemnyonga Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, kule Pangani. Atajua kwamba wasomaji wake wa kwanza walikuwa watawala watarajiwa, waliotaka kujua jumbe anatii nini na anaogopa nini. Basi atajiuliza: mtu mwenye akili aliyekuwa akiwaandikia watu kama hao aliamua kuyasema mangapi, na kuyafunika mangapi? Anaposifia desturi fulani, anaisifia kwa sababu ipo, au kwa sababu anaiona ikififia akiwa mbali nayo? Maswali haya hayajibiwi kwa kusoma kurasa nyingi zaidi. Yanajibiwa, yakijibika, kwa kuisoma kurasa ile ile taratibu, kuilinganisha na nyaraka za wakati wake, na kuwasikiliza watu ambao desturi zile ni zao.

Na habari ya majina yaliyofichwa haikuishia kwa Mtoro. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyapanga kwa aina, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Mji huu hauna haja ya kufafanuliwa jambo hilo. Pembe za ndovu zilizopita hapa katika karne ya 19 zilikwenda kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi katika sebule za Ulaya na Marekani, na anayepiga piano hakumjua Mnyamwezi aliyeibeba pembe ile begani kutoka bara, miezi kadhaa kwa miguu. Ukiandikiwa na mashine barua laini isiyo na tusi hata moja, yupo mpagazi nyuma yake. Mwenye kuifahamu historia ya misafara ana jicho la kumtafuta.

Nichukue jina la mji wenyewe. Wengi wenu mmeambiwa kwamba Bagamoyo ni bwaga moyo, na mmesikia maelezo mawili: wapagazi walifika pwani wakabwaga mizigo na nyoyo zao zikatulia, au watumwa walipoiona bahari waliibwaga mioyo yao kwa kukata tamaa. Niliiuliza mashine. Ilinipa yote mawili, kisha ikayafunga pamoja kwa sentensi tamu juu ya mji wa matumaini na huzuni, sentensi ambayo ingefaa kuchapwa kwenye kipeperushi cha hoteli. Mwanafunzi wa historia hawezi kutulia hapo. Anajua kwamba bandari ya pwani yetu ya bara iliyosafirisha watumwa wengi zaidi katika karne ile ilikuwa Kilwa Kivinje, na kwamba Bagamoyo ilikuwa kwanza mji wa pembe na wapagazi, ingawa watumwa nao walipita na walitumikishwa hapa, na Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Akishayajua hayo atauliza jambo ambalo kipeperushi hakiliulizi: ni nani alianza kulieleza jina hili kwa huzuni, lini, na mbele ya wasikilizaji gani? Wapagazi hujieleza wenyewe kwa wapagazi namna moja. Mmisionari anayeomba michango Ulaya hueleza namna nyingine, na anayemtembeza mtalii hueleza namna ya tatu. Uchunguzi huo ni wa miezi mingi, na natamani mmoja wenu aufanye.

Wale mliosoma madrasa mnalijua jambo hili kwa jina lake. Hadithi ya Mtume haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Huangaliwa matini, na huangaliwa isnadi, yaani mnyororo wa waliopokezana, nani kwa nani, na kama mmoja wao alikuwa msahaulifu au alikuwa na lake jambo. Mashine inatupa matini bila isnadi, na ukiidai isnadi huweza kukutungia. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezibuni, zikiwa na majina na nukuu zinazofanana na za kweli. Mawakili wale walikuwa na shahada. Walichokikosa ni tabia ya kufungua kitabu cha pili.

Kuhusu lugha nitasema machache, kwa kuwa walimu wenu wa Kiswahili wanayajua kuliko mimi. Mwaka 2017 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba programu ya tafsiri ikipewa sentensi za Kituruki, lugha ambayo kama yetu haitofautishi mume na mke katika kiwakilishi, ilimfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Yeye wetu, ambaye ni mtu tu, alivukishwa mpaka akavishwa suruali au gauni njiani. Ama kanga, ambayo ni chuo kikuu cha akina mama wa pwani, mashine hukufasiria vizuri kabisa maana ya Mdhaniaye ndiye siye. Lakini kanga ile ikianikwa Ijumaa asubuhi kwenye kamba inayotazamana na dirisha la jirani fulani, wiki moja baada ya harusi fulani, hapo maana imo katika kamba, siku na dirisha, na mtaa mzima umekwisha kuisoma kabla maji hayajachuruzika.

Niliwahi pia kuiomba mashine shairi la tarbia, kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi na nilitaka kuona. Vina vililetwa. Mizani, yaani hesabu ya silabi, ilikuwa balaa: mshororo wa kwanza ulitimia 16, nane za ukwapi na nane za utao, wa pili ukawa na 14, wa tatu 17. Nilipoiambia kwamba hilo ni guni, yaani shairi lililovunja kanuni, iliniomba radhi kwa adabu kubwa, kisha ikaniletea guni jingine. Najua itajifunza kuhesabu. Lakini washairi waliolumbana katika kurasa za gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, walitia majina yao na miji yao chini ya beti, na ukitoa guni, au ukimjibu mwenzako kwa ukali usio haki, aibu ilikupata wewe, ikakukuta barazani unakunywa kahawa, na mwezi uliofuata ulipaswa kujibu. Shairi la namna hiyo lina mtu wa kulisimamia. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo, na ndilo ambalo hata mashine isiyokosea haitaweza kulileta: maneno yenye mtu anayeweza kufuatwa, akaulizwa, akaona haya, akabadili kauli. Masomo ya insia, yakifundishwa kwa haki, ni mazoezi ya miaka mingi ya kuwa mtu wa namna hiyo na ya kumtambua mwingine anapokuwapo au anapokosekana.

Mzazi mmoja alinikamata getini leo asubuhi akaniambia, Mwalimu, mtoto wangu amepangiwa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, atakula nini? Swali lake ni la haki na silijibu kwa methali. Simwahidi utajiri. Zipo kazi zitakazopungua: kuandika barua za kawaida, kufupisha taarifa, tafsiri nyepesi nyepesi ambazo vijana wengi walianzia maisha. Anayewaambia kinyume anawapumbaza. Shaaban Robert mwenyewe, mzaliwa wa Tanga, alikula kwa ukarani wa forodha na ofisi nyingine za serikali. Lakini mtazame mahakama zetu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na sasa zinatakiwa hukumu, hati na sheria za miaka mingi zije katika lugha ambayo mshitakiwa anaielewa. Mashine itasaidia sana kazi hiyo, nami ningeitumia. Ila kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia pana neno moja, na neno hilo ni uhai wa mtu. Lazima awepo anayejua sheria, anayejua lugha mbili mpaka kwenye mizizi, na anayeweza kutia saini na kuitwa kesho yake aeleze kwa nini aliandika hivyo. Watu hao hatunao wa kutosha, na hawapatikani kwa kozi ya wiki mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kuandika mitaala, kwa mtunza nyaraka, kwa anayewaongoza wageni kwenye magofu ya Kaole na kujua alisemalo, na kwa muuguzi anayepaswa kumweleza mgonjwa habari nzito kwa maneno ambayo hayatamwua kabla ya ugonjwa.

Sikuja kuwakataza simu zenu. Natumia akili unde mwenyewe. Hunisaidia kupata maana ya istilahi za Kijerumani na kusahihisha barua zangu za Kiingereza, ambacho sikukisoma vizuri. Nilichomwomba Mkuu wa Shule, naye amekubali, ni kubadili namna tunavyowapa kazi. Kuanzia muhula huu kila insha ya historia ya mtaa itakuja na karatasi ya pili inayosema nani alisimulia, wapi, siku gani, nani mwingine alikuwapo, alikataa kusema nini, na kama ameruhusu kuandikwa. Karatasi hiyo ya pili ndiyo itakayobeba alama nyingi. Anayetaka kuipeleka insha yake kwa mashine ili inyooshwe lugha, aipeleke na aseme kwamba ameipeleka.

Yule binti wa insha ya pili nilimwandikia pembeni kwa wino mwekundu: rudi kwa bibi, usimwulize tena, mshikie miyaa tu. Alirudi mara nne. Mara ya nne bibi alianza kusema mwenyewe, usiku, taa ikiwa imezimwa, na aliendelea mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi yake aliweka masharti mawili. Jina lake liandikwe juu na la mjukuu chini; na mambo mawili aliyoyataja kuhusu jirani ambaye watoto wake bado wapo yasiandikwe popote. Mjukuu ameyashika masharti yote. Nimeiona insha hiyo, ina kurasa 11, na nilitamani niwasomee leo, lakini bibi amekataa mpaka asomewe yeye kwanza. Tutakwenda kumsomea Jumamosi saa tatu asubuhi, na baada ya hapo watakaojiandikisha wataanza na wazee wa Dunda. Daftari liko mezani kwa mwalimu wa zamu.